UZI: Green walivyobeba halmashauri ya Mid Suffolk viti 24 kati ya 34. Nilipiga kura kule, nawasimulia nilivyoona

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu habari za muda huu.

Nyuzi za siasa za Uingereza humu ndani zote zinaishia Westminster, nani kawa waziri mkuu, nani katumbuliwa, basi. Kuna kitu kilitokea chini kabisa kwenye halmashauri ya wilaya moja ya mashambani, mashariki ya England, inaitwa Mid Suffolk, na sijaona mtu akikigusa. Tarehe 4 Mei 2023 watu wa kule walipiga kura, kesho yake matokeo yakatoka: Green (chama cha mazingira) viti 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4, Labour hawakuambulia hata kimoja. Jumla viti 34. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza nzima Green kushika halmashauri kwa wingi wao wenyewe bila kushikiliwa mkono na chama kingine. Brighton, mji wa kusini, waliwahi kuongoza kuanzia 2011 ila kule walikuwa chama kikubwa tu, wingi kamili hawakuwa nao.

Sasa msivute picha ya London. Mid Suffolk ni Stowmarket, Needham Market, kamji kadogo kanaitwa Eye, na kinachobaki chote ni vijiji na mashamba ya ngano na shayiri, basi ukilikosa la asubuhi unaweza kukaa hapo mpaka uchoke. Wazee wengi. Sehemu kama hiyo Conservative wanaihesabu ni kwao, mambo ya urithi. Mimi nilifikia huko kwa ajili ya kazi, nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti nyingi za usiku, na kiukweli siasa za pale mwanzoni sikuwa na habari nazo kabisa.

Niwaeleze kwanza halmashauri ya wilaya kule inafanya nini maana bila hapo hamtaelewa kwa nini watu waligeuka. Kuna ngazi mbili. Kaunti, yaani Suffolk County Council, ndo wana shule, barabara, huduma za wazee na walemavu, maktaba. Wilaya wana kuzoa taka, vibali vya ujenzi, nyumba za halmashauri, afya ya mazingira, vituo vya michezo, na wao ndo wanaokusanya kodi ya nyumba, ile wanaita council tax, ingawa hela kubwa inaenda kaunti na wao wanabaki na kipande kidogo. Na hiyo kodi hadi leo inakadiriwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa Aprili 1991, nilipoambiwa nilishangaa sana. Chini ya wilaya kuna halmashauri za vijiji zenye mambo ya makaburi, viwanja vya watoto, hall la kijiji.

Kwa hiyo ukisikia diwani wa wilaya usidhani ni mtu mdogo. Huyo ndo anakaa kwenye kamati inayoamua shamba lililo nyuma ya nyumba yako lijengwe nyumba 200 au lisijengwe. Na vijijini kule hakuna kitu kinachowasha watu kama hicho. Nyumba zinajengwa, shule ni ileile, daktari ni yuleyule, barabara ni ileile nyembamba ya kupishana kwa kurudi nyuma, na mfereji wa maji machafu ni uleule.

Sasa nije kwenye siku niliyogongewa mlango. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka shifti nimelala saa mbili tu, nafungua mlango nakuta mtu mzima kavaa mabuti ya tope, ana karatasi za Green mkononi. Nikajua huyu anakuja kunihubiria mambo ya tabianchi. Hata hakugusa. Aliniuliza, hapa mtaani kwenu nini kinawasumbua? Nikamwambia maji yanatuama pale kwenye kona, mvua ikinyesha usiku naenda kazini kwa baiskeli natota mpaka magotini. Akatoa kidaftari akaandika. Akaniambia wazi, barabara ni ya kaunti siyo ya wilaya, siwezi kukuahidi, ila nitawaandikia na nitakuletea majibu. Wiki kama tatu baadae akarudi na kopi ya barua aliyoandika. Maji hayakuisha siku hiyo wala wiki hiyo, lakini mtu alirudi! Mimi mhamiaji wa viza, sina hata mwaka mtaani, mtu anarudi kunipa mrejesho.

Nikamwuliza jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, huyu jamaa vipi? Akasema hao wamekuwa wakipita hapa miaka na miaka, mvua jua, uchaguzi uwepo usiwepo, na jarida lao linaingia mlangoni hata katikati ya miaka ambayo hakuna anayegombea chochote.

Na ukiangalia namba unaona ni ngazi. Mwaka 2019 Green walikuwa na madiwani 12, Conservative 16, kwa hiyo Conservative walishakuwa hawafiki nusu ya viti 34. Miaka minne baadae 12 ikawa 24. Walikuwa wanachukua kata moja, wanaitunza, wanahamia ya jirani. Mtu wa kijiji cha pili anasikia kwa shemeji yake kwamba diwani wa kule akipigiwa simu anapokea.

Siku yenyewe ya kura. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Chetu kilikuwa hall la kijiji, limeshapambwa bendera maana Jumamosi yake tarehe 6 ndo Mfalme Charles alikuwa anatawazwa. Nje kakaa mama mmoja ana beji ya chama anaomba namba iliyo kwenye kadi yako ya kura, siyo lazima umpe, wanaitumia kujua nani kati ya watu wao hajafika wakamgongee jioni. Ndani ule ulikuwa uchaguzi wa kwanza England kutakiwa kitambulisho chenye picha. Nikatoa pasipoti yangu ya Tanzania, yule dada akaangalia picha, akaniangalia, akasoma jina langu kwa shida lakini kwa heshima, akanipa karatasi. Penseli imefungwa kamba. Kata yetu ina viti viwili kwa hiyo unaweka alama mbili. Dakika nne nimetoka. Hakuna wino kidoleni, hakuna askari, kuna mbwa wawili wamefungwa mlangoni wanasubiri wenye nao.

Naomba niwe muwazi, nilitoka pale nimejaa machozi kidogo. Sikuwahi kufikiri nchi ya watu ingenipa karatasi ile.

Ntaendelea kwenye sababu, ngoja kwanza mseme.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila swali, wewe ni Mtanzania una viza ya kazi, ulipigaje kura Uingereza? Au umeshachukua uraia?

#3 – Mwanzisha uzi

Sina uraia mkuu. Na hapa ndo nataka watu wetu wanisikie vizuri. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali, ana kibali cha kuingia au kukaa, ana haki ya kupiga kura zote, za udiwani mpaka za ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda wote tumo, Rwanda nao wamo tangu 2009. Viza ya kazi, ya masomo, ya familia, zote sawa. Unajisajili kwenye tovuti ya serikali, wanakuuliza namba yako ya National Insurance (bima ya taifa), inachukua dakika tano hivi. Na pasipoti ya nchi yako ya Madola inakubalika kama kitambulisho kituoni, hata kama imeisha muda ili mradi picha bado ni wewe.

Pale kazini tulikuwa Waafrika wengi, Wakenya, Wazimbabwe, Wanigeria, ile fomu ya halmashauri ya kuuliza nani anaishi hapa ilikuwa inatupwa na vipeperushi vya piza. Niliiokota mimi kwenye pipa. Kila mtu anasema sisi haituhusu. Inatuhusu! Pipa lako la taka likikosa kuzolewa wiki mbili linanuka kwako hata kama una viza.

#4

Niko Norwich mi mutu wa Bukavu. Na siye ba Congo tunaruhusiwa?

#5 – Mwanzisha uzi

Pole ndugu yangu, Kongo haimo kwenye Madola kwa hiyo mpaka upate uraia wa Uingereza. Burundi hivyo hivyo. Ila kama una pasipoti ya Ubelgiji au Ufaransa, na najua ndugu wengi mmepitia huko, sheria ilibadilika kuanzia Mei 2024: raia wa Umoja wa Ulaya aliyekuwa anaishi Uingereza kihalali kabla ya mwaka 2021 kuanza na hajakatisha ukaazi wake amebaki na haki ya kura za halmashauri, aliyeingia baada ya hapo inategemea nchi yake ina mkataba au la. Waulize halmashauri ya kwenu Norwich moja kwa moja, wanajibu barua pepe.

#6

Huyo diwani wa wilaya ni kama MCA wetu huku Kenya (mjumbe wa bunge la kaunti)? Analipwa ngapi? Na hao Green si ni watu wa miti na baiskeli, wazee wa mashambani wenye Land Rover walikubalije?

#7 – Mwanzisha uzi

Kaka, wa kufanana na MCA ni yule wa kaunti zaidi, huyu yuko ngazi ya chini yake. Na siyo mshahara, wanapewa posho ya mwaka, wengi ni wastaafu au wana kazi zao, vikao jioni.

Swali lako la pili ndo kiini cha uzi. Watu wa London waliandika ooh vijijini wamekuwa Kijani, wameokoka kuhusu tabianchi. Mimi niliyekuwa pale nakwambia siyo hivyo tu. Mkulima mwenye Land Rover anayaona mazingira kuliko mtu wa mjini. Anaona mto una maji machafu, anaona udongo, anaona shamba jema linamwagiwa zege. Conservative maana yake ni kuhifadhi, na walikuja watu wengine wakamwambia sisi tutahifadhi hili shamba lako. Akawaelewa.

Na kulikuwa na hasira ya kitaifa, hiyo siwezi kuificha. Mawaziri wakuu wa Conservative walifuatana, Boris Johnson na zile sherehe za wakati wa korona, kisha Liz Truss na bajeti yake ndogo ya Septemba 2022 iliyopandisha riba za mikopo ya nyumba, Rishi Sunak akapokea chungu kilichopasuka. Siku ile ya 4 Mei halmashauri 230 England zilichagua, na Conservative walipoteza zaidi ya viti 1,000. Lakini hasira ni kama maji, inakwenda kwenye mfereji uliochimbwa tayari. Sehemu nyingine ilienda Labour, nyingine Liberal Democrats. Mid Suffolk mfereji ulikuwa umechimbwa na Green, na walianza kuchimba zamani, wakati hakuna mtu alikuwa na hasira.

Na siyo wao peke yao. Angalia East Hertfordshire siku hiyohiyo, Green walitoka viti 2 wakafika 19, Conservative wakashuka kutoka 40 mpaka 16. Babergh, majirani zetu kabisa ambao wanatumia watumishi wamoja na Mid Suffolk na ofisi moja pale Ipswich, Green wakawa chama kikubwa kwa viti 10.

Sasa geuza uso uangalie Brighton, mji ambao kila mtu alidhani ni ngome ya Green. Uchaguzi uleule walianguka vibaya, wakabaki na viti 7, Labour wakachukua 38 kati ya 54. Kule walikuwa ndo wanaongoza, na watu walikuwa wamechoka na taka kurundikana na mji kuwa mchafu. Chama kilekile, nembo ileile, siku ileile. Kwa hiyo mtu anayesema watu walichagua itikadi anieleze Brighton.

#8

Hapo kwenye Brighton umenigusa mkuu. Mimi naishi kusini huko, ukweli taka zilikuwa kero, kuna kipindi 2021 wazoaji waligoma mitaa ikajaa. Mtu anakuja kukuambia habari ya dunia kupata joto na wewe huwezi kupita na kigari cha mtoto.

#9

Nani alikuwa msimamizi wa uchaguzi? Na kura zikilingana wanafanyaje? Au ndo mahakamani miaka mitatu

#10 – Mwanzisha uzi

Msimamizi kwa kawaida ni mtendaji mkuu wa halmashauri yenyewe, mtu ambaye ameajiriwa na halmashauri, hakuteuliwa na serikali kuu. Na wagombea na mawakala wao wanasimama mezani wanaangalia kura zikihesabiwa, karatasi yenye utata inaonyeshwa wote waone kabla haijaamuliwa.

Zikilingana ni bahati nasibu, kisheria kabisa. Northumberland mwaka 2017 kata ya South Blyth wagombea wawili walilingana baada ya kurudia kuhesabu, wakachota vijiti, aliyepata kirefu ni wa Liberal Democrats, na kwa kijiti hicho Conservative wakakosa wingi wa halmashauri nzima kwa kiti kimoja. Fikiria watu wangapi wa kata ile walibaki nyumbani siku hiyo wakasema kura yangu moja itafanya nini.

Halafu jambo la kitambulisho naomba nisiliache. Tume ya Uchaguzi ilitoa hesabu yake baadae, watu wasiopungua 14,000 hivi England walifika kituoni siku ile wakashindwa kupiga kura kwa sababu hawana kitambulisho kinachokubalika. Hao ni waliofika mlangoni, aliyeona tangazo akabaki nyumbani hayumo humo. Mimi hili liliniuma, maana bibi yangu jirani hana pasipoti wala leseni, alitumia pasi yake ya basi ya wazee ikakubaliwa, lakini kitambulisho cha mwanafunzi hakikubaliki. Mzee pasi ya basi sawa, kijana pasi ya basi hapana. Sioni haki hapo.

#11

Sawa walishinda. Wamefanya nini sasa? Maana kushinda siyo kazi, kazi ni baada ya hapo. Na hizo nyumba waliacha kujengwa?

#12 – Mwanzisha uzi

Swali la maana sana hili. Kiongozi wa halmashauri akawa Andy Mellen, wa kule kule kijijini Bacton. Na nyumba zinaendelea kujengwa, lazima niseme ukweli, kwa sababu wilaya haina uhuru kama watu wanavyodhani. Ukikataa kibali bila sababu nzito mwenye mradi anakata rufaa kwa wakaguzi wa mipango wa serikali, makao yao Bristol, na akishinda kijiji kinapata nyumba zilezile na halmashauri inaweza kubebeshwa gharama za mwenzake. Kwa hiyo Green walikuta breki haikamati kama walivyowaambia watu. Mimi niliwapigia na bado nawaheshimu, ila hapo walitakiwa kuwaambia watu mapema.

Kingine ni nguzo za umeme. Kuna mradi wa laini kubwa ya umeme kutoka Norwich mpaka Tilbury, unakatiza Suffolk, kuleta umeme wa upepo wa baharini. Umeme safi, kitu ambacho Green wanakililia. Lakini nguzo zinapita juu ya mashamba ya watu waliowachagua. Adrian Ramsay, aliyeshinda ubunge wa Waveney Valley Julai 2024, jimbo linalochukua vijiji vyetu vya upande wa Eye, alitaka mradi usimame kwanza njia nyingine ziangaliwe, akashambuliwa nchi nzima kwamba chama cha mazingira kinazuia umeme wa upepo. Mimi nadhani alikuwa anawasemea watu wake, lakini naelewa kabisa kwa nini wengine walikasirika. Na lile jimbo bila madiwani 24 asingelipata, walewale wenye mabuti na vidaftari ndo walimgongea milango. Mwaka huo Green walipata wabunge 4 nchi nzima na huyo ni mmoja.

#13

Nimesikia wanafuta wilaya zote, ni kweli?

#14 – Mwanzisha uzi

Ni kweli na ndo kinachonisononesha. Desemba 2024 serikali ya Labour ilitoa waraka wa kuondoa mfumo wa ngazi mbili, wilaya na kaunti ziunganishwe ziwe halmashauri moja moja kubwa. Suffolk wakaingia kwenye kundi la kwanza kwanza, hata uchaguzi wa kaunti wa Mei 2025 ukaahirishwa. Kaunti ilitaka Suffolk nzima iwe halmashauri moja, wilaya zilitaka ziwe tatu.

Hoja ya serikali ni kupunguza gharama na mkanganyiko, na mkanganyiko upo, hata mimi nimewaeleza hapo juu habari ya maji ya kwenye kona kwamba ni kaunti siyo wilaya. Lakini Suffolk moja maana yake diwani mmoja anabeba watu wengi zaidi, vijiji vingi zaidi. Yule wa mabuti alikuwa anatembea kata yake kwa miguu. Ukimpa eneo mara mbili mara tatu hawezi kurudi mlangoni kwangu na barua, atatuma barua pepe, na bibi jirani hana barua pepe. Uchaguzi unaofuata wa Mid Suffolk ulitakiwa kuwa Mei 2027. Watu wametumia miaka kuijenga hii kitu kata kwa kata halafu chombo chenyewe kinaondolewa mezani.

#15

Mkuu nina swali la haraka. Nipo Ipswich na mke wangu yuko na viza ya mtegemezi, akijisajili kupiga kura haitamletea shida uhamiaji akija kuomba ukaazi wa kudumu?

#16 – Mwanzisha uzi

Hapana kaka, ni haki yake kisheria kama ni raia wa nchi ya Madola na kibali chake kiko hai, ajisajili kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Asidanganye tu uraia wake, aandike Mtanzania au Mkenya kama alivyo. Na akishasajiliwa jina lake linaonekana kwenye daftari la anuani hiyo, benki na watu wa mikopo wanaliangalia, kwangu mimi hata mkataba wa simu nilianza kukubaliwa baada ya hapo. Kuna daftari la wazi ambalo makampuni yanaweza kununua, aweke tiki ya kujitoa asisumbuliwe na matangazo. Barua ya kuthibitisha itakuja kwa posta, mwambie asiitupe na za piza.